Ishirini na Tisa, Nukta Sita

Nesi Zuwena kanivua viatu, kanivua mtandio,
hata kishada cha funguo kiunoni kaniambia weka chini.
Nikapanda mzani pale hospitali ya Wete
kama linavyopanda gunia langu kituoni kila msimu wa karafuu,
ila huko mimi husimama pembeni, macho yamenitoka,
maana mshale ule naujua, hupenda kusinzia.

Sabini na nne.

Akanibananisha na ukuta, visigino pamoja,
akanilaza rula utosini:
mita moja na sentimita hamsini na nane.
"Sasa, Bi Time, urefu uzidishe kwa wenyewe,
kisha kilo zako uzigawe kwa jibu."
Nikacheka. Hesabu yangu mimi ni ya pishi na kibaba.
Ni mjukuu wangu Shaame, wa darasa la sita,
aliyeandika nyuma ya kadi yangu,
ulimi umetoka pembeni mwa mdomo,
akafuta, akaandika tena, akasoma kwa sauti
hadi benchi zima likasikia:
ishirini na tisa, nukta, sita!

"Salama haifiki ishirini na tano," kasema nesi.
"Thelathini ndio unene wenyewe. Umebakisha uzi."

Uzi!
Nilirudi Bopwe nimevimba kuliko nambari.
Kilo hizi ni za nani?
Za jembe la muhogo, za ndoo mbili kichwani na mkononi,
za uzazi saba, watano wazima.
Nambari imeuliza?
(Na mandazi ya alfajiri, sawa, nayo yamo.
Simdanganyi mtu.)

Mdogo wangu Mkasi kajichekea mpaka kanga ikamfunguka.
Yeye ana ishirini na moja.
Nguo yake ya harusi bado inamwingia, na huivaa
ili tuone.
Sikumjibu. Nilimkatia kipande kikubwa cha halua, akala.

Mwezi wa pili yake, mwiba wa mlimau ukamchoma unyayo.
Kidonda kidogo, cha kufunika kwa punje ya kunde.
Hakikufunga. Siku ishirini hakikufunga.
Zuwena kamtoboa kidole, katazama kile kimashine,
katazama tena:
kumi na nane, na Mkasi alikuwa hajala kitu.
Sukari, kwenye mwili ule ule wa nambari nzuri.

Kisha nesi akatoa utepe wa fundi cherehani,
akampitisha kitovuni.
Chini ya kanga, mikono myembamba ile, miguu ile,
kumbe palifichwa tumbo kama mfuko wa mchele wa magendo.
"Kiuno kisipite nusu ya urefu," kasema.
Cha Mkasi kilipita.
Changu nacho kilipita. Kidogo, lakini kilipita.
Presha yangu nzuri, sukari yangu nzuri,
na bado nesi hakunisamehe mandazi.

Hapo nikamkumbuka Faki, mkaguzi wa kituoni.
Gunia likishapimwa, haandiki kitu.
Hutumbukiza mkono hadi kiwiko,
huchopoa karafuu chache za chini, huzivunja kwa ukucha.
Zikilia *tak*, kavu.
Zikinyamaza, zina maji, na uzito ule ulikuwa uongo.
Hajawahi kuutupa mzani, Faki.
Wala hajawahi kuuamini peke yake.

Siku hizi chai yangu nainywa kavu,
na asubuhi nakwenda Limbani kwa miguu, narudi kwa miguu.
Mkasi ana sindano zake kwenye kopo la Blue Band, baridini kwa jirani.
Hanicheki. Simcheki.
Ugomvi wetu sasa ni nani kamaliza utepe kuuchafua.

Na Shaame kageuka daktari wa mtaa, kapima kila mtu:
imamu, muuza pweza, mwalimu wake.
Jana kamshika mbuzi, kampakata kwenye mzani wa duka,
kisha karudi ameshika kichwa:
"Bibi, huyu urefu wake nipime wapi,
akisimama au akilala?"

Nikamwambia, kwanza mtie mkono tumboni.
Angalia kama ana mimba.